Nyumba Iliyogeuzia Bwawa Kisogo

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Stoo alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha. Ilikuwa stoo ya hospitali, mwisho kabisa wa korido, ukishapita chumba cha kufulia. Rafu zilianzia sakafuni zikagota darini: mashuka upande huu, mablanketi upande ule, mabeseni yamepandana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja, na juu taa ndefu iliyolia nziii tangu asubuhi mpaka anafunga mlango. Mvua ikinyesha, aliijua kwa viatu vya wauguzi. Jua likichwa, aliambiwa na mlinzi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Watu wote, hata mganga mkuu, walimwita Bi Stoo, naye aliitika kwa fahari, maana hakuna aliyewahi kuingia mle akatoka na shuka moja zaidi ya aliyoandikiwa.

Siku ya kumuaga walimuuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, "Nakwenda kukaa dirishani." Wakacheka, wakidhani anatania.

Kiwanja alishakipata. Kilikuwa nje ya mji, barabara ya vumbi inapita upande mmoja, na upande wa pili ardhi inateremka taratibu mpaka kwenye bwawa lenye matete. Siku aliyokwenda kukitazama alikaa juu ya kisiki kupumzisha magoti, na pale majini kikachomoza kichwa. Kichwa bapa, kinang'aa kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi, kina masharubu yaliyokakamaa pande zote mbili. Ukafuata mgongo mrefu, kisha mkia mnene, kisha akatokea wa pili, na wa tatu. Fisi maji. Walikuwa wakinyang'anyana kitu, samaki au kijiwe, hakujua, na kugombezana kwa sauti nyembamba kama watoto waliokosa usingizi wa mchana. Bi Stoo aliacha hata kupumua. Miaka sitini na mmoja ya kuishi, hakupata kuona viumbe wanacheza namna ile, tena hawamtaki mtu yeyote awashangilie.

Ndipo akaamua. Atajenga kibanda cha mbao, chumba cha kulala na sebule basi, na sebule iwe na dirisha kubwa la kutazama maji. Atakaa ndani kwenye kivuli awaangalie wao walioko kwenye mwanga. Alikuwa na hakika na jambo hilo: mnyama akikuona wewe kwanza, utakachokiona wewe ni makalio yake.

Binti yake, karani huko mjini, alikuwa ameshamwandalia mama chumba cha uani, na habari ya kibanda haikumpendeza hata kidogo.

"Mama, utaishi porini na magoti hayo?"

"Magoti ni yangu, hujaniazima."

"Na ukianguka?"

"Nitainuka. Wewe ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka mara ngapi, nilikufungia ndani?"

Wakabishana wiki nzima. Mwisho wakapatana hivi: mama akae huko mpaka mvua za kwanza. Mvua zikimkuta hana dirisha lake wala wanyama wake, atafungasha aende kukaa chumba cha uani. Chumba hicho nacho kilikuwa na dirisha, ndiyo, lakini lilitazama ukuta wa jirani, ukuta wa karibu kiasi kwamba ungeweza kuuegemea kiwiko hali umelala kitandani.

"Na utakuja bila neno, mama?"

"Lini mimi nimesema neno?"

Fundi alipatikana kwa sifa. Walimwita Fundi Kamba kwa sababu alipima kila kitu kwa kamba ya katani aliyoipiga mafundo, na futi ya chuma aliidharau. "Chuma kikipata jua kinatanuka," alisema. "Kamba haidanganyi." Nyumba zake zilisimama wima, milango yake haikukwaruza sakafu. Bi Stoo alimkubali saa ileile. Naye alikuwa mtu wa vipimo.

Na hapohapo ndipo kosa lilipotungwa mimba. Bi Stoo alichana ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, akachora nyuma yake nyumba ya pembe nne: chumba hapa, sebule pale, choo kule. Kwenye ukuta wa sebule akachora dirisha pana, na juu yake akaandika kwa mwandiko wa enzi zile ambapo herufi iliyopinda ilikuwa kosa la kupigiwa fimbo: DIRISHA KUBWA MBELE. FUTI SITA. Akampa fundi. Fundi akaukunja, akautia mfukoni. Wakaagana kila mmoja ameridhika na mwenzake.

Wiki ileile mdogo wake Bi Stoo akafanyiwa upasuaji wa nyongo, ikabidi aende kumuuguza. Alikaa huko wiki tano, akisikia kwa simu kwamba nguzo zimesimama, mbao zimepigwa, bati limepanda. Alirudi asubuhi moja na begi lake na furaha yake, akashuka barabarani, na jambo la kwanza aliloliona ni kioo kipana kinamwakia usoni.

Akadhani amepotea nyumba.

Fundi Kamba alikuwa kizingitini anafuta vumbi la mbao mikononi. Nyumba ilikuwa nzuri, wala si uongo. Mbao zimepigwa randa zikalainika, kibaraza kimenyooka. Bi Stoo aliingia mpaka sebuleni, akasimama mgongo wake ukigusa fremu ya dirisha, akatazama ukuta wa upande wa bwawa. Mbao tupu, kutoka pembe hadi pembe. Pembeni palikuwa na choo, na choo kilikuwa na kitundu juu ya kichwa cha mtu, ukubwa wa daftari.

"Fundi, dirisha langu liko wapi?"

"Umeliegemea, mama."

"Mimi nilisema dirisha liwe mbele!"

"Na liko mbele."

"Mbele ni huko!" Akanyoosha mkono kuelekea kwenye maji, kidole kikagota mbao.

Fundi alikitazama kidole, akautazama ukuta, akamtazama mama mwenyewe kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. "Huko ni nyuma, mama. Huko ni bondeni. Mbele ni barabarani. Tangu nimeshika msumeno, kamba ya kwanza huvutwa kufuata barabara. Zinazobaki zinaifuata hiyo. Nyumba ikiipa barabara kisogo, watu watasema mwenyewe ana kesi."

"Watu wataishi humu au nitaishi mimi?"

"Utaishi wewe. Lakini watapita wao."

"Lete karatasi yangu."

Karatasi ikaletwa, imelowa jasho na kukauka mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Bi Stoo aliikunjua kwa kishindo, tayari kumsomea mtu makosa yake. Akasoma. DIRISHA KUBWA MBELE. Akaigeuza ubavu, akaigeuza juu chini. Mbele ikabaki mbele. Hapakuwa na neno bwawa. Hapakuwa na neno barabara, wala mshale, wala hata mstari wa maji.

Alisimama pale uso unamchoma. Yeye! Yeye aliyemrudisha daktari bingwa mlangoni kwa sababu ameandika "mashuka makubwa kumi". "Makubwa kama nini, daktari? Ya kukufunika wewe au ya kukufunika wewe na kitanda?" Yeye ndiye aliyeandika mbele na kudhani dunia nzima ina macho upande alikokuwa amekaa yeye siku ile. Ukimkasirikia fundi unaweza kumfukuza. Ukijikasirikia mwenyewe, jioni mnakwenda kulala pamoja.

"Basi kata dirisha huku," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi akaupigapiga ukuta kwa vifundo vya vidole, akisikiliza. "Huku kuna nguzo ya kati. Ndiyo inayobeba kenchi, na kenchi ndizo zinazobeba bati. Siyo kazi ya kukurupukia. Nipe mpaka kesho kutwa."

Kesho kutwa ya fundi haimo kwenye kalenda yoyote. Aliondoka na kamba yake, akapata kazi ya kuezeka ghala, na Bi Stoo akaanza kuishi katika nyumba yake mpya kama mtu aliyekaribishwa arusini akawekwa jikoni.

Dirishani aliona barabara. Aliona nguzo ya umeme, na ng'ambo yake rundo la kokoto lililoachwa na watu wa barabara. Na kila aliyepita alimwona, kwa kuwa ametundikwa kwenye kioo cha futi sita kama picha ya maonyesho. "Shikamoo, mama!" "Marahaba." "Shikamoo, bibi! Umeamkaje?" "Marahaba, nimeamka." Wenye baiskeli, wenye mizigo, watoto wa shule wanakwenda, watoto walewale wanarudi. Kufikia adhuhuri taya zinamuuma kwa kuitikia. Siku moja alivuta pazia, na mpita njia akaja kugonga mlango kuuliza kama anaumwa.

Na wakati wote huo, nyuma yake, ndani ya masikio yake, bwawa lilikuwa linaishi. Alisikia chubwi ya ndege mdiria akipiga mbizi. Alisikia mbawa za korongo zikipepea nzito kama mtu anakung'uta blanketi, na hilo alilijua vizuri. Na asubuhi, kabla umande haujakauka, alizisikia zile sauti nyembamba zikigombezana. Angeinuka, magoti yakilia, atoke mlango wa mbele, azunguke nyumba nzima akishika ukuta, na akifika, anakuta viduara vya maji vinapanuka polepole kuelekea kwenye matete. Viduara tu. Kila siku viduara.

Alijaribu kuweka kiti nje. Hakuna kilichotokea majini. Tumbili ndio waliokuja, wakakaa kwenye tawi wakimtazama kwa makini, na alipokwenda kunywa maji wakaondoka na sabuni ya kufulia na ndala moja. Moja! Hata wizi wao haukuwa na faida kwa mtu.

Kikabaki kitundu cha chooni. Alipeleka kigoda, akapanda, akashika ukingo kwa vidole, na humo akaona kipande cha maji ukubwa wa sahani. Mdogo wake, aliyekuwa ameshapona na amekuja kumtembelea, alimsubiri sebuleni hadi chai ikapoa.

"Dada! Tumbo bado?"

"Sina tumbo."

"Basi saa nzima humo unafanya nini?"

"Natazama."

"Unatazama nini chooni, dada yangu?"

Alipotoka kueleza, mdogo wake alicheka mpaka akashika mshono. "Wewe uliyekuwa unahesabu foronya kwa kuzigusa gizani! Umejengewa nyumba kinyumenyume!"

"Cheka. Cheka ukipasuka, safari hii sikuuguzi."

Fundi Kamba alikuja hatimaye, siku ambayo Bi Stoo alikuwa amekwenda kliniki ya magoti. Kabla ya kwenda alikuwa amempigia simu, tena kwa ukali: "Dirisha la nyuma, fundi. La nyuma! Upande wa bwawa. Umesikia?" Fundi akajibu, "Nimesikia, mama. La nyuma, upande wa bwawa." Safari hii Bi Stoo alitaja bwawa. Njia nzima ya kurudi alikaa kwenye gari akitabasamu peke yake.

Alilikuta dirisha. Lilikuwa nyuma, lilikuwa upande wa bwawa, lilikuwa juu kabisa chini ya kenchi, upana wa dhiraa moja, lina nondo nne.

Bi Stoo aliketi sakafuni. Fundi alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Hili nini, baba?" aliuliza kwa upole ulioogopesha kuliko kelele.

"Dirisha la nyuma."

"Mbona liko mbinguni?"

"Dirisha la nyuma huwa juu, mama, na huwa dogo. Mwizi hapiti mbele. Na nguzo sikuigusa. Paka wako wa maji walikuwa wananitazama nilipokuwa napiga msumari wa mwisho. Watano."

"Umewaona?"

"Wana kelele hao! Mmoja kalala chali, anakula samaki amemshika kwa mikono miwili kama mtu anakula mhindi. Wewe hujawaona?"

Afadhali angempiga kofi. Nje, juu ya vilima, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Binti yake alikuwa amepiga simu jana: atakuja Jumamosi, na atakuja na begi tupu.

Alikaa pale sakafuni akimtazama fundi anavyokunja kamba yake, fundo juu ya fundo, na hasira ikamrudisha stooni. Kule alijifunza jambo moja kabla ya mambo yote: mtu akiomba kitu kwa jina analolijua yeye, atapewa kitu kinachojulikana kwa jina hilo na mtoaji. Wauguzi wapya waliomba "taulo" wakapewa kitambaa cha kufutia sakafu, kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema. Wajanja walisoma daftari kwanza. Fundi huyu naye alikuwa na daftari lake kichwani, na ukurasa wa dirisha la nyuma ulisema dogo, juu, nondo. Hata angempigia magoti, hayo yenye maumivu, ukurasa usingebadilika.

"Fundi," alisema, "hebu nifundishe. Mlango wa nyuma huwaje?"

Fundi akasimama. Uso ulimchangamka, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Aa, mlango wa nyuma! Huo lazima uwe mpana. Ndiko kunakopita kabati, kitanda, gunia. Ndiko anakotolewa hata mwenye nyumba siku yake ikifika. Mabawa mawili, futi sita kwa saba."

"Na ile nguzo?"

"Mlango una miimo. Miimo miwili minene inafika chini, inabeba kenchi, nguzo unaitoa. Dirisha halina miimo ya kufika chini."

"Kwa hiyo nyumba yangu haina mlango wa nyuma."

Fundi akautazama ukuta, akakuna kidevu. Kwa mara ya kwanza alionekana ameaibika. "Haina," akakiri. "Lakini una mizigo gani wewe, mama?"

"Mizito."

Fundi alianza kesho yake, saa moja asubuhi. Kazi ya heshima haikuwa na kesho kutwa. Siku mbili zilipigwa nyundo mpaka meno ya Bi Stoo yakacheza, nguzo ikatoka, miimo ikasimama, mabawa mawili yakaning'inia kwenye bawaba bila kukwaruza. Ijumaa jioni fundi alifungua, na bwawa lote likaingia sebuleni: matete, maji, anga, ng'ambo na vichaka vyake.

Halikuwa na kitu. Siku mbili za nyundo zilikuwa zimefukuza kila chenye masikio. Hata mdiria hakuwapo.

Binti alifika Jumamosi mchana na begi lake tupu, akaliweka mezani. Alitazama mlango mpana, akatazama maji matupu.

"Mama, mapatano yalikuwa dirisha na wanyama. Wanyama wako wapi?"

"Wamekasirika. Watarudi."

"Na dirisha?"

"Si hilo?"

"Hilo ni mlango, mama. Hata mwenyewe uliniambia kwenye simu, fundi anatengeneza mlango."

Mitego mingapi ya maneno itamnasa mtu mmoja ndani ya kiangazi kimoja? Bi Stoo alitoka hadi kibarazani, akarudi na mbao iliyosalia, nyundo, na misumari miwili mdomoni. Akaiweka mbao kukingama mlangoni, usawa wa kiuno, ncha hii kwenye mwimo huu, ncha ile kwenye mwimo ule, akaipigilia. Msumari wa pili ulipinda, akaukandamiza hivyohivyo.

"Pita," akamwambia binti.

"Sipiti, kuna mbao."

"Mlango usiopitika unaitwaje?"

Binti alijaribu kujizuia, midomo ikamponyoka. "Mama, wewe ni mtu wa ajabu."

"Jibu."

"Haya, dirisha. Lakini wanyama huna. Na ile pale ni mvua."

Kweli ilikuwa mvua. Iliteremka vilimani nyeupe, ikavuka bwawa, ikaanguka juu ya bati kwa kishindo kilichozima maneno ya wote wawili. Bi Stoo alikalia kiti chake, mikono mapajani, akitazama maji yanavyochemka kwa matone. Binti alianza kukunja nguo za mama na kuzitia begini. Gauni moja. La pili. Kanga mbili. Mama hakugeuka wala hakusema neno, kwa sababu aliahidi; na kila nguo iliyoingia aliisikia, kama alivyozoea kusikia shuka likitoka rafuni bila idhini.

Mvua ilipopungua na kuwa manyunyu, binti alikuja kusimama kando ya kiti kuuliza viatu viko wapi. Hakuuliza. Alishika bega la mama, vidole vikazama.

"Mama," alinong'ona. "Mama. Kuna kitu kinatoka kwenye matete. Ana masikio makubwa."

"Wapi?"

"Ssss! Ana madoa meupe ubavuni. Jamani, ana mtoto! Ana mtoto nyuma yake, amelowa wee."

Ilikuwa pongo, yule swala wa vichakani, lazima awe pongo, Bi Stoo alimjua kwa maelezo tu, kwa sababu binti alikuwa ameinama juu ya ile mbao, na kichwa chake chote, na nywele zake zote alizosukwa majuzi, vilikuwa katikati kabisa ya dirisha. Bi Stoo alijaribu kushoto. Alijaribu kulia. Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa.

"Anakunywa," binti alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa na miaka sita. "Mtoto anamwangalia kwanza mama yake ndipo anywe."

"Jumamosi ijayo njoo na kiti chako," Bi Stoo alisema kwa meno yaliyobana. "Hiki ni changu. Na hizo nguo ukizikunjua uzirudishe kwa mpangilio, gauni juu, kanga chini. Haya, toa kichwa."

"Ngoja kidogo, mama."

"Toa kichwa, nakwambia!"

"Kidogo tu," alisema binti, na wala hakusogea.